Nimemwombea Zipora wa Televisheni

Ijumaa, Yamumbi, Eldoret. Mvua imeanza alfajiri na haina dalili ya kuchoka.

Bwana asifiwe, wewe unayesoma. Habari ya huko kwako? Unaendeleaje na afya? Kama ulishikwa na hii homa ya baridi inayozunguka, natumaini imekuachilia. Mimi kwa mwili niko salama, namshukuru Mungu. Magoti yanalalamika, lakini mimi na magoti yangu tumezoeana. Roho ndiyo haiko sawa.

Nina wivu.

Nimeliandika neno hilo, nikalifuta, nikaliandika tena. Mtu wa umri wangu, mama wa watoto wanne, mwimbaji wa sauti ya pili kanisani, ana wivu kama msichana wa darasa la sita. Na si wivu wa mwanamume. Mume wangu, Baba Njeri, yuko hapa ameketi anasoma gazeti la juzi, hakuna anayemtaka isipokuwa mimi. Wivu wangu ni wa Mama Kibet.

Mama Kibet ni jirani yangu. Kati ya boma lake na langu kuna ua wa michongoma tu, na katika ua huo kuna mwanya tuliopitia miaka mingi hadi michongoma yenyewe ikakata tamaa ya kuota pale. Yeye ni mwenyeji, kwa baba yake ni upande wa Chepsaita. Mimi ni mtu wa kuja, kwetu ni Murang'a, nililetwa huku na ndoa. Siku ya kwanza nilipohamia, makaa yangu yalikuwa yamelowa, na mtoto analia njaa. Mwanamke nisiyemjua akanyoosha mkono kwenye ua na sufuria kuukuu iliyojaa makaa ya moto. Hakuniuliza natoka wapi. Alisema tu, "Shika haraka, inaniunguza."

Tangu siku hiyo nilijua nina mtu.

Na kilichotufunga kabisa, usicheke, ni televisheni. Kila Jumamosi saa kumi alasiri tulikuwa tunatazama kwake vichekesho vya Zipora na Mkabili. Kama hukuwahi kuviona, nikueleze. Zipora ni mjane ambaye mdomo wake hauna mlango. Anaweza kumwambia mke wa chifu mbele ya watu kwamba kitenge alichovaa ni cha kufunika meza. Rafiki yake Mkabili ni mwanamke anayeuza mandazi na kuogopa watu, akisalimiwa "habari" anajibu "asante" halafu anakimbia. Hakuna anayewaalika hao wawili popote. Hata mazishini wanawekwa nyuma karibu na masufuria. Kila kipindi kinaisha wakiwa wameketi kwenye ngazi ya duka lililofungwa, wanakunywa chai kikombe kimoja, na Zipora anamsema kila anayepita.

Mama Kibet alikuwa akiniambia, "Zipora ni wewe kabisa," na mimi namjibu, "Na wewe ndiye Mkabili wangu." Nilipenda sana hiyo "wangu."

Vile vipindi viliisha kutengenezwa zamani, ila walikuwa wanavirudia, na sisi tunavirudia nao. Mwaka huu wakaviondoa. Saa ile ile ya Jumamosi wakaweka kitu kipya kinaitwa Ploti Haina Geti.

Na mwezi ule ule, Mwalimu Chelagat akahamia hapa.

Ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Plateau, amepanga nyumba ndogo nyuma ya kwa Mama Kibet. Anaishi peke yake, haji ushirika wa akina mama, anatembea na suruali ya michezo hata akienda kununua nyanya, na kicheko chake unakisikia kutoka barabarani. Watu walishaanza kumsema. Jumamosi moja mimi nilikuwa mazishini, na Mama Kibet akamwita aje watazame pamoja. Jumamosi iliyofuata nikapita kwenye mwanya wangu na flaski yangu ya chai, nikafungua mlango, nikamkuta amekalia kiti changu.

Juu ya meza kulikuwa na kibuyu cha mursik, maziwa lala yale yenyewe, kimetoka kwa mama yake huko Plateau. Chai yangu ikaonekana kama maji ya kuoshea vyombo. Walikuwa wanaongea Kikalenjin na kucheka hadi machozi. Waliponiona wakageuza, wakaongea Kiswahili.

Waligeuza kwa heshima. Heshima hiyo ndiyo iliyonichoma.

Basi nikaanza kuichukia Ploti Haina Geti. Niliitafutia makosa kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe. Ni hadithi ya wapangaji waliofukuzwa kila mahali pengine. Kuna Mzee Haggai anayelala na kuku chumba kimoja. Kuna Obadia, fundi wa cherehani aliyetoka jela, na kuna Neema, msichana anayeongea na sufuria zake. Kila baada ya vipindi vichache anaingia mpangaji mwingine wa ajabu, nao wanasogeza viti. Nikamwambia Mama Kibet kwamba hao si marafiki, ni umati. Zipora na Mkabili walijuana hadi kikohozi. Hawa wa ploti hata hawajui nani anakunywa chai bila sukari.

Nikasema pia kwamba Mzee Haggai ni Zipora aliyeibwa akavalishwa suruali. Wote wawili wana matusi. Lakini hapo sikuwa mkweli, na hapa kwenye shajara yangu ya mtandaoni nitakuwa. Hawafanani. Zipora akitukana, mtu anaondoka na harudi, na Mkabili ndiye anayebaki kuokota vipande. Haggai akitukana, Neema anamjibu, "Oga kwanza, unanuka kuku," wanacheka wote, yanaisha. Zipora hajawahi kujibiwa hivyo na mtu. Nafikiri Mkabili alikuwa anamwogopa pia.

Kuna kipindi kimoja cha hiyo Ploti kilinifanya nitoke nje nikajifanya ninaenda kuangalia ng'ombe. Anakuja mpangaji mpya, kijana mwenye kigugumizi, na wapangaji wanakataa asipewe chumba. Anayekataa zaidi ni Obadia, yule wa jela, ambaye alizunguka mji mzima akitafuta mtu wa kumfungulia mlango. Anasema, "Sisi tumeshatosha." Mwalimu Chelagat akacheka akasema, "Huyu ameonja ugali sasa anaficha sufuria." Hakuwa ananisema mimi. Ananijulia wapi?

Lakini Mama Kibet aliangalia chini.

Sasa nije kwa ile aibu yenyewe. Jana, Alhamisi, ushirika wa akina mama ulikuwa kwa Mama Dorka, mwenyekiti wetu. Kwetu huwa tunazunguka nyumba kwa nyumba, na kabla ya chai mmoja anaombea wagonjwa na wenye shida. Jana Mama Dorka akaninyooshea kidole, "Mama Njeri, tuombee wahitaji."

Mungu anisamehe. Sote tunajua kuna maombi ya kumwambia Mungu na kuna maombi ya kumwambia jirani huku umefumba macho. Nimewahi kuwasikia wengine wakifanya hivyo na nikawahukumu. Jana nikafanya. Nilianza vizuri na wagonjwa, na wajane, halafu mdomo ukapata mwendo wake. Nikasema, "Na umkumbuke dada yetu Zipora, Baba. Amebaki peke yake. Mkabili aliyekuwa rafiki yake amepata mwingine, ameenda, na wewe unaona, Bwana, kiti chake kimechukuliwa. Mguse Mkabili, akumbuke alikotoka."

Nilijua chumba kizima ni mtu mmoja tu atakayeelewa. Akina mama wakasema "Amina" ya nguvu. Mmoja alitoa leso.

Nilipofumbua macho Mama Kibet alikuwa anatazama mikono yake.

Chai ikaja, nikadhani yameisha. Mama Dorka akachukua kijitabu chake cha matembezi, akalamba kidole. "Huyu Zipora ni wa wapi? Tusiwe watu wa kuomba tu."

Nikasema ni mbali kidogo.

"Mbali ya wapi? Turbo?"

"Huko huko."

"Na ni mjane?"

"Mjane," nikasema, na hilo angalau lilikuwa kweli.

"Ana watoto?"

Hapo nikafikiri sana, kwa sababu kwenye vipindi hawakuwahi kusema. Nikajibu, "Hatujui."

Basi wakapanga. Jumanne wataenda watano, unga, sukari, na Mama Dorka akasema ana blanketi jipya hajalifungua. Mama mmoja akauliza kama huyo Mkabili naye anaweza kupatikana aongeleshwe. Nilikuwa ninatokwa jasho, na huku Eldoret mtu hatokwi jasho. Nilimwangalia Mama Kibet anisaidie. Alikuwa ameinamia kikombe, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka.

Tulitoka pamoja kwa sababu njia ni moja. Tukatembea hadi karibu na kinu cha posho, ndipo akasimama.

"Mama Njeri."

"Sema."

"Unamtuma Mungu kama mtoto wa dukani? Mimi niko hapa, ua ni ule wa michongoma. Si ungeita tu?"

Nilianza kusema sikumaanisha yeye. Akanitazama. Nikaacha.

"Na sasa Mama Dorka ananunulia televisheni blanketi," akasema, na hapo akaangua kicheko, akashika nguzo ya stima asianguke. Nikacheka pia, lakini changu kilikuwa na maji ndani. Nikamwambia yote. Kiti, mursik, kile Kikalenjin. Nikamwambia ninaogopa siku moja nitapita kwenye ule mwanya nikute ni mimi mgeni.

Hakunibembeleza. Akaniuliza kama ninakumbuka kile kipindi cha harusi.

Nani asiyekumbuka? Mkabili anaalikwa harusi na mteja wake wa mandazi, mara ya kwanza maishani. Zipora hakualikwa. Mkabili anaazima gauni la bluu, anavaa, anafika hadi njiani, anageuka na kumwona Zipora ameketi peke yake kwenye ngazi. Anarudi. Anavua viatu, anaketi. Mimi hulia hapo kila mara, na Mama Kibet naye hulia, nimemwona kwa macho yangu, tumepokezana leso moja. Nikamwambia hicho ndicho kipindi kizuri kuliko vyote, kwa sababu hapo ndipo unaona upendo.

"Unajua mimi nilikuwa nalia nini?" akasema. "Nilikuwa nataka aende. Kila wakirudia nasema, labda leo ataenda."



"Na Zipora?" nikauliza.

"Zipora angengoja. Harusi ni siku moja, Mama Njeri. Angerudi na keki."

Miaka hiyo yote. Sebule moja, leso moja, na kila mtu alikuwa analilia jambo lake.

Leo asubuhi nimempigia Mama Dorka nikamwambia ukweli, kwa sababu siwezi kuimba Jumapili nikiwa na blanketi la mtu rohoni. Kisha akauliza, "Kwa hivyo hajafiwa?" Nikasema amefiwa, lakini kwenye televisheni. Akaguna. Akasema Jumanne bado tutaenda, kwa mjane yeyote wa kweli aliyeko karibu, na mimi ndiye nitabeba unga. Pia nitasimama Alhamisi nieleze akina mama wote waliosema "Amina." Nimekubali. Ninastahili.

Lakini hilo silo linaloninyima amani. Mama Kibet amenitumia ujumbe kwamba Mwalimu Chelagat ameuliza kama kesho nitakuja kutazama. Ameuliza mwenyewe. Amesema bila mimi hakuna wa kuwabishia kuhusu Mzee Haggai, na atakalia kigoda. Nimejibu tu kwamba nitaona.

Nimepiga magoti juu ya jambo hili, safari hii peke yangu na bila kumsema mtu. Wivu haujaondoka. Umeketi hapa kifuani kama mgeni ambaye hata ukifagia miguuni pake haelewi. Na nikiutazama vizuri, si kwamba ninaogopa kwenda nikaumia. Ninaogopa kwenda nikacheka. Ninaogopa huyo mwalimu atakuwa mtu mzuri, nitampenda, na nikishampenda sitakuwa na mtu wa kulaumu kwa udogo wa moyo wangu.

Wewe umewahi kugawana rafiki na mtu? Ulifanyaje siku ya kwanza, uliingia tu ukaketi? Nijibu upesi, tafadhali, hata mstari mmoja. Kipindi ni kesho saa kumi.