Mgane Hapandi Mzinga

Jumatatu, 3 Juni

Baridi ya kuuma. Nimetoka nje alfajiri nikasimama tu, nanusa. Upepo unatoka msituni na umebeba asali. Nani atanibishia? Pua hii imejua asali kabla mwili haujajua suruali.

Mizinga yangu ya magome iko huko juu ya miti, imejaa. Mimi niko hapa, naota moto na kuku.

Mgane hapandi mzinga! Ndivyo wasemavyo watu wa ukoo wa marehemu mke wangu, Kutemba. Tangu tumzike mwezi wa tatu siingii msituni, sigusi mwenge wa moshi. Eti nyuki hunusa msiba wakahama. Mpaka mtu wa damu yake apande mzinga wa kwanza, ashuke na sega, anilishe kwa mkono wake mwenyewe. Hapo niko huru. Asali isipopatikana msimu huu — nikae mpaka Juni nyingine. Kwa magoti haya! Juni nyingine ni maneno ya vijana.

Damu yake waliobaki ni wawili. Kapasa, mdogo wake, fundi cherehani pale sokoni Mwinilunga, mtu aliyezeeka akiwa amekaa. Na Mahongo, dada yake. Lakini wanawake kwetu hawapandi.

Basi ni Kapasa. Mungu naye ana utani wake.

Ijumaa, 7 Juni

Nimekwenda kwa Kapasa. Nimemkuta anashona magauni ya kwaya. Nikamwambia maua yanaanguka, nyuki wataanza kula walichoweka, tukichelewa tutakuta masega makavu.

"Shemeji, mguu unanisumbua," akasema bila kuinua macho.

"Mguu gani? Ule wa cherehani?"

Wateja wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba hajawahi kupanda hata mpera. Kana kwamba ni siri! Utotoni walimwita Kobe.

Mahongo alikuwa mlangoni anamenya muhogo. Akatia kisu kwenye beseni. "Jumapili tunakwenda," akamwambia Kapasa. "Wote. Mimi nitapika."

Nikamwambia Mahongo, wewe shemeji unafuata asali tu.

"Nafuata kukuona umenyamaza," akasema. "Mara moja tu kabla sijafa."

Maana hilo nalo ni sharti. Siku ya mzinga mgane huketi kaupa mti mgongo, hatazami juu, hasemi neno mpaka sega limwingie mdomoni. Akitamka, basi. Tunarudi mikono mitupu, na msitu umenifungia.

Walicheka mpaka Kapasa akajichoma sindano. Vizuri sana.

Jumapili, 9 Juni

Tumetembea kutwa. Mimi na fimbo, Mahongo na sufuria kichwani, Kapasa na malalamiko. Tumevuka mto kwenye gogo. Kapasa kavuka amekaa, anajisogeza kwa makalio.

Ndani ya msitu nikanyamaza bila kuambiwa. Chini kumejaa maua, ukikanyaga huna sauti. Juu mvumo ule. Huwezi kusema unatoka mti gani — miti yote inavuma. Nimesimama hapo muda. Kifua kikafunguka kama mlango wa ghala.

Kapasa akauliza hivi taabu yote hii ni ya nini, si sukari ipo dukani. Nikamwambia maboga ya mkeo yanashika kwa sababu ya nyuki. Bila wao ungekula majani mpaka uote pembe. Matunda ya msituni, mbegu za miti hii, vyote ni jasho lao. Wewe kazi yako ni kutafuna. Akatazama juu, mara ya kwanza leo.

Tumefika kambini. Mafiga ya Kutemba bado yapo, matatu, meusi. Mahongo akataka kuyasogeza. Nikamwambia yaache. Akayaacha. Ugali wake wa muhogo una madonge, nimemwambia. Sahani nimeirudisha tupu, hilo sikumwambia.

Nimejitandikia majani upande wangu wa zamani. Upande wa pili nimeuacha.

Jumatatu, 10 Juni

Nimekaa chini ya mti. Mgongo kwenye gome. Siruhusiwi kusema, siruhusiwi kutazama, lakini kuandika hakuna aliyekataza. Basi naandika hapa hapa.

Kapasa kajaribu. Haki yake nimpe, kajaribu. Kapanda kimo cha mtu mmoja, akaukumbatia mti kama mama yake. Akaanza kupiga kelele nashuka, nashuka! Wala hashuki. Mahongo ikabidi amshike kisigino amteremshe, hatua kwa hatua, akimbembeleza. Nimeuma ukosi wa shati nisicheke. Kisha nikaona Kapasa kakaa chini, kipande cha gome bado kakishika, kicheko kikaisha chenyewe.

Nikadhani tumekwisha.

Mahongo akavua viatu. Akafunga kitenge katikati ya miguu.

"Dada, haifai!" Kapasa huyo. "Mwanamke hapandi!"

"Aliyesema hivyo aje apande yeye."

Kawasha mwenge, kaanza. Nasikia kamba ya kupandia ikisugua. Umri ule! Vipande vya gome vinaniangukia kofiani. Kapasa anatazama kupitia vidole vyake.

Moshi umenifikia. Mvumo umebadilika, umepanda — nyuki wamemjua.

Amefika. Anakohoa.

"Shemeji!" anaita. "Mlango huu ni wa dada."

Kweli. Milango yote ya nyasi ya kuzibia mizinga kasuka Kutemba. Huu ndio wa mwisho, alisuka akiwa tayari mgonjwa, amekaa hapa hapa nilipo.

"Nauona mkono wake," anasema Mahongo. "Anavyorudia nyasi mara mbili pembeni. Nikiukata umekwisha. Kuna njia ya kuufungua mzima?"

Ipo! Kigingi cha kushoto, kile kifupi. Ukikichomoa, mlango wote unatoka kama kifuniko. Tulikuwa tunakijua wawili, sasa nimebaki mmoja.

Nimemnyooshea Kapasa daftari. KIGINGI CHA KUSHOTO, herufi kubwa. Kalisogeza, kalirudisha nyuma. Miwani kaiacha kwenye cherehani. Nimemwonyesha kwa mkono wa kushoto. Ananipungia na yeye!

"Kata tu dada, mwenge unakwisha!" anapiga kelele.

Nikisema, mlango wa Kutemba umepona, na msitu nimeukosa. Nikinyamaza, kisu kinapita kwenye vidole vyake. Naapa, ni vidole, si nyasi.

Mahongo ameumwa na nyuki. Nimesikia alivyovuta pumzi. Wameanza kushuka mpaka huku, mmoja yuko kwenye ukurasa huu, anatembea juu ya maneno.

Kisu kimechomolewa.

Hakati. Ananisubiri.

Anaita tena. Safari hii hakusema shemeji.

"Makelele! Wewe Makelele, unanisikia?"

Jina hilo nilikuwa naitwa na mtu mmoja tu, Kutemba, tena ndani ya nyumba. Kalamu naiweka chini, nimjibu