Nani Anayekukosha?

Firq, Nizwa

Dada yangu Ghalia, shikamoo. Natumai huko Sur mmeamka salama. Huku joto limepungua, na tende ulizotuletea bado tunazila tukikuombea dua.

Jana nilipigiwa ile simu ya kupimwa kama nastahiki posho ya ulemavu. Siku zote kabla yake binti yangu Hajar alinifanyisha mazoezi, yeye akijifanya ofisa.

"Mama, unaweza kuvaa mwenyewe?"

"Alhamdulillahi, naweza."

"Na vifungo vya leo amekufungia nani?"

Dada, sisi tumelelewa tukiulizwa hali tushukuru, hata mfupa ukiuma. Niliona kuutaja udhaifu wangu ni kukufuru. Mume wangu Thani akaniambia, "Mama Hajar, Mungu anajua. Huyo wa kwenye simu hajui."

Alipiga mwanamke mwenye sauti ya upole. Nilimjibu ya miguu, nikamjibu ya mkono. Kisha akauliza, "Nani anayekukosha?"

Hata wewe sijapata kukwambia. Tangu nilipopata kiharusi, ni Thani. Ananibeba hadi bafuni, ananikosha mwili, ananichana nywele, na hajanikunjia uso hata siku moja.

"Mume wangu," nikasema, naye kakaa ubavuni mwangu, anasikia.

Thani akageukia dirishani, akajifuta macho kwa ncha ya kilemba.

Majibu bado. Yakija ya heri tutashukuru. Lakini usije kunihurumia, dada. Njoo umpe mkono shemeji yako.

Nduguyo akupendaye,
Badria