Magunzi Niliyoyachungulia

Marahaba, mjukuu wangu Fides. Hapa Sumbawanga upepo unavuma, mahindi tumepukuchua, babu yako anakohoa kidogo tu.

Unasema magunzi unayochoma huko chuoni, yawe mkaa wa kuchuja maji, yamegeuka majivu tena, na unataka kuacha. Unauliza umekosea wapi. Labda ulichungulia.

Nilipokuwa msichana, mama aliyafukia magunzi yakiwaka, akaniambia, “Usifukue mpaka yapoe.” Nikafukua nione tu. Hewa ikaingia, tukakuta majivu. Mama akacheka, tukafukia mengine.

Mkaa wa safari hiyo ya pili tuliutumbukiza mtungini. Ukatoa viputo taratibu, kama kitu kinachopumua usingizini, maji yakiingia kwenye vijitundu nisivyoviona. Vyote vilikuwa vimejitengeneza wakati hakuna anayetazama.

Fukia tena, mama, halafu nenda ukalale.

Bibi yako