Kaboni Niliyompa Karani wa Chifu

Homa Bay, Jumanne, 1965

Mvua tangu alfajiri. Matope mpaka mlangoni pa ofisi, na moyo wangu mzito.

Mimi ndiye niliyechoma nyumba ya Mama Akoth.

Kiberiti sikushika. Lakini acha niandike ukweli, maana ofisini sina wa kumwambia. Mwezi uliopita mama huyu mjane alitoka Magunga kwa miguu, akaja kumweleza Bwana DO, afisa wa tarafa ninayemfanyia kazi, jinsi chifu wao anavyonyang'anya watu mashamba. Ripoti niliipiga taipu mimi mwenyewe, nakala mbili, jina lake humo. Juu nikaandika SIRI kwa herufi kubwa, nikaifungia kabatini. Nikajiona hodari!

Amri ni kwamba kaboni, ile karatasi nyeusi ya kutolea nakala, ikitumika kwa barua ya siri ichomwe siku hiyo hiyo. Lakini hii ilikuwa mpya, imetumika mara moja tu. Nikaionea huruma, nikaitia kwenye droo. Ijumaa karani wa chifu akaja na maneno yake matamu: "Dada, sisi kule hatuletewi vifaa. Hata kaboni kuukuu tutashukuru." Huwa nampa kila mwezi. Nikampa zote bila kutazama. Kaboni iliyotumika mara moja, ukiiinua dirishani, unasoma kila neno. Mjinga mimi! Miaka minne kwenye taipureta na sikuliwaza hilo.

Leo Mama Akoth amekuja, mkono umeungua, umefungwa kitambaa. Anasema waliochoma walimsomea kwanza maneno yake mwenyewe, neno kwa neno. Na eti anamjua aliyemsaliti: mke wa mwanawe, maana nyumbani ni huyo tu aliyemwambia. Amemfukuza, mtoto mchanga mgongoni, arudi kwao Awendo.

"Waandikie wazazi wake, nyathina," akaniambia. "Wasimrudishe. Wewe ndiye ninayekuamini."

Nyathina. Mwanangu.

Nilipaswa kusema pale pale. Niliogopa kupoteza kazi, nikaogopa macho yake. Nikaipiga barua ile, Nyasaye anisamehe, bila kosa hata moja. Akaweka dole gumba, akanishukuru, akaenda kwa dada yake hapa mjini.

Barua ninayo mkobani. Mfuko wa posta ya Awendo utafungwa kesho saa nne asubuhi. Kwa dada yake ni mwendo mfupi tu.

Nitakwenda huko kwanza, au nitabandika stempu?