Mwanamke Nisiyempata Utange

Mpendwa Mshauri, naomba msaada, nawe ukitaka kucheka cheka kwanza ndipo usome. Mimi ni nesi wa kliniki moja huku Kisauni, na kazi yangu ni wale wanawake ambao kipimo chao cha mlango wa kizazi kimetoka na kasoro, nawakalisha, nawashika mkono, nawaeleza kwamba hiyo si saratani, ni chembe zimeanza kubadilika na zikiwahiwa zatibika, na wasiorudi nawafuata majumbani, maana kila mtu asema nina ulimi mtamu, hata mimi nilikuwa nasema. Mwezi wa nne nikataka nami nipimwe, lakini kwetu nikaona haya, ukipiga chafya hata mfagiaji ajua, basi nikavuka feri hadi Likoni nisikojulikana, nikajiandikisha Mwanatabu wa Utange, nikajiona mjanja kweli, na majibu sikuyafuata. Juzi Likoni wakatuletea barua, Mwanatabu ana kasoro, ni wa upande wenu, mtafuteni. Sista, mkubwa wetu, akanipa mimi. "Huyu hana wa kumpata ila wewe."

Mshauri, nimekwenda Utange mara tatu kujitafuta. Nilibisha hodi nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja akaniapia, "Wallahi namjua, mnene kidogo, tena ana maringo," nikashindwa kumkatalia. Kila nikirudi naandika hakupatikana, na Sista asikitika, "Maskini, na dawa ipo." Naogopa. Mikono ya wenzangu nimeishika mingi, wangu sina wa kuushika. Je, niandike amehama, faili lifungwe?

Jina langu usilitaje, ingawa la kubuni ninalo.

Mtafutaji, Mtopanga

JIBU

Bibi Mtafutaji, nimecheka kama ulivyoniruhusu, kisha nikahesabu kutoka mwezi wa nne hadi huu wa nane, kicheko kikaniisha. Jina ulilojiandikishia nimelibadilisha kabla ya kuchapa barua yako, kwa hiyo sasa una majina mengine mawili.

Pole, mwanangu. Hofu yako naielewa, sijakataa. Lakini umeniandikia kwa mkono wako kwamba kasoro si saratani na kwamba ikiwahiwa yatibika. Ama ni kweli, ama wanawake wote wale uliwadanganya. Chagua moja.

Usithubutu kuandika amehama. Faili hilo likifungwa, hakuna mtu mwingine duniani atakayekufuata, maana mfuataji ni wewe. Na haya zako zina faida gani, ikiwa Sista huyo amsikitikia mwanamke asiyemjua hata uso? Wewe atakuacha?

Kesho asubuhi, kabla foleni haijajaa, ingia kwa Sista na ile barua ya Likoni. Usikae kiti chako, kaa kile cha wagonjwa. Mpe mkono wako aushike, kisha umwambie umempata.