Maziwa ya Sabato

Nyansiongo, Jumapili.
Huu ni mwezi wa saba tangu niondoke Kwale.

Mke wangu Mwanajuma,

Amani ikufikie wewe na mama. Miguu yake inasemaje? Na wewe, usingizi umerudi? Mimi mzima, ila baridi ya huku inaingia mpaka kwenye meno, na mgongo wangu wa kukata majani ya ng'ombe hauna raha.

Uliponiuliza kwenye simu kama naswali, nilikata. Kwa mdomo sikuweza. Jibu ni hapana. Tangu tumzike mwanetu Salim, kila nikitandaza mswala naona nafasi ya ule mswala wake mdogo pembeni, naukunja wangu.

Sasa nikueleze habari ya maziwa. Tajiri wangu, Mzee Nyakundi, ni mzee wa kanisa la Sabato. Analima chai lakini haionji, anasema inazoesha mwili vibaya. Jumamosi hafanyi kazi, wala mimi haniruhusu, ila kukamua tu, maana ng'ombe hajui Sabato. Maziwa ya siku hiyo hauzi. Nayapeleka kwa majirani bure.

Jirani mmoja, Mama Moraa, alikuwa akinifukuza mlangoni. Binti yake Moraa alifariki mwaka jana, na Mzee akasimama mazishini akasema Mungu amechuma ua alilolipenda. Tangu hapo mama huyo hamwamkii Mzee, wala kanisani haendi.

"Hiyo maziwa ni ya Mungu? Basi akuje anywe mwenyewe!" ndivyo alivyokuwa akinifokea.

Jumamosi moja nilikuwa nimechoka, nikaketi kwenye jiwe la uani kwake. Nikamwambia, "Mama, sikutumwa kuhubiri. Mimi pia nimezika mtoto, na sijui kwa nini."

Akanitazama. "Aliitwa nani?"

"Salim."

Akaingia ndani, akatoka na sufuria. Kuanzia hapo kila Jumamosi tukawa tunapika chai kwa maziwa ya Sabato, yeye ananisimulia utundu wa Moraa, mimi ninamsimulia wa Salim.

Jana nilishikwa na homa, maziwa hayakwenda. Mzee hakwenda kanisani, alikaa chumbani kwangu akinifunika blanketi. Mchana hodi ikapigwa. Mama Moraa, na chupa ya chai. Walivyotazamana, nikatamani homa inichukue.

Akamimina vikombe vitatu. "Kunywa, Mzee. Ama utaniambia ni dhambi?"

Mzee akakishika kikombe. "Mama Moraa, siku ile niliongea sana."

"Uliongea vibaya."

"Niliongea vibaya."

Akafumba macho, akaomba kimya, akanywa. Uso ukamkunjamana. "Na hii kitu ndiyo watu wananunua?"

Mama Moraa akacheka mpaka akashika ukuta. Nami nikapeleka kikombe mdomoni, nikajisikia nasema Bismillahi. Sikupanga. Machozi yakanitoka, nao wakajifanya wanaangalia dirishani.

Sisemi nimepona, mke wangu, na maswali yangu bado ninayo. Lakini leo alfajiri nilitandaza mswala, na sikuukunja mpaka nilipomaliza.

Nisalimie mama, na kaka yako anayetuchungia mbuzi, na mwalimu wa madrasa aliyemfundisha Salim. Mwambie simkwepi tena.

Ule mswala mdogo usiugawe. Mahindi yakishaingia ghalani Mzee ataniachia, na kabla ya Ramadhani nitakuwa nyumbani, tuutandaze pamoja na yetu.

Mumeo,
Hamisi