Meno Ambayo Hayajaota

Paulina, rafiki yangu,

Usinicheke kwamba nakuandikia kana kwamba umehamia Babati tu. Kanisani nimeshindwa kukuombea. Naanza Baba Yetu, kabla sijafika katikati nimeshaanza kukusimulia habari za kwenu Rhotia. Basi bora niandike. Mwanao aliugua wiki hii, na mama yako alitaka ang'olewe meno ambayo hayajaota.

Lakini kwanza ungeniuliza habari za kozi. Kozi yetu ya afya ya mama na mtoto inaendelea bila wewe, na kitanda chako amepewa msichana wa Mbulu anayekoroma. Mwalimu bado anafoka vilevile: "Mguse mtoto kwanza, kadi utaisoma baadaye!" Siku za kliniki tunapanda Ngorongoro kwa Landrova, ukungu mpaka huoni boneti. Tukitundika mzani kwenye tawi, akina mama wa Kimasai wanacheka, eti tunapima watoto kama nyama buchani. Ungekuwapo ungewajibu kwa kile Kimasai chako kibovu. Mimi naandika kilo tu. Najifunza kwa hasira siku hizi, kila mtoto anayeharisha namwona ni wako.

Alhamisi nikasikia ni wako kweli. Tluway anaharisha na kutapika. Nikaomba ruhusa, mwalimu akanipa huku amenuna, nikadandia trekta la kijiji mpaka kwenu.

Nilimkuta mgongoni kwa bibi yake, amelegea. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea, analia bila machozi. Nikamfinya ngozi ya tumbo, ikabaki imesimama: maji yamemwisha mwilini. Na pale kwenye kigoda ameketi mzee mmoja na spoku ya baiskeli iliyonolewa, ameifunga kwenye kitambaa. Fundi wa meno ya nailoni! Unajua jambo hili lilivyotuingilia huku: mtoto akiharisha na fizi zimevimba, wanasema ana meno ya nailoni, yachimbuliwe la sivyo atakufa. Kumbe wanachimbua meno yake mwenyewe, machanga. Yule mtoto tuliyemshika pamoja kliniki, mimi kichwa na wewe miguu, damu haikatiki, sijamsahau mpaka leo.

Nikapiga goti mbele ya mama yako, nikasema kwa adabu kama nilivyofundishwa. "Mama, subiri kidogo. Nimpe maji kwanza."

Lo! Alinigeukia. "Nisubiri? Hata kwa Paulina, siku alipojifungua, mliniambia nisubiri. Gari linakuja, mama, subiri. Damu inamtoka mwanangu, gari limekwama kwenye matope, na mimi nimekaa nasubiri kama mlivyoniambia. Sisubiri tena mimi! Na wewe hujazaa, utaniambia nini?"

Nilibaki pale na sare yangu, natamani uje umjibu mama yako mwenyewe. Nilikukasirikia, kweli tena, kwa kufa.

Sijui maneno yalinitoka wapi. Nikamwambia, "Basi usisubiri, mama. Shika kijiko."

Sukari ya kukorogea maji ya chumvi haikuwepo, wala dukani haikuwepo, unaijua hali. Tukakoroga uji mwepesi wa mahindi na chumvi kidogo, nikauonja, chumvi isije ikazidi ya machozi. Nikamkalisha mama yako, nikampakatisha mjukuu wake, kijiko nikampa yeye. Kijiko kimoja, kimoja tena. Tluway akitapika, bibi yake anaanza upya. Kila nilipotaka kumpokea alinisukuma kwa kiwiko. Yule mzee alikaa mpaka jua likageuka, akaona hakuna anayemtazama, akaaga.

Jioni Tluway akamkojolea bibi yake, khanga chapachapa. "Ai! Huyu mtoto!" Mama yako akaruka, kisha akashangaa kuniona nalia. Nikamweleza kwamba mtoto akikojoa hivyo, maji yamemrudia mwilini. Basi akakaa na khanga yake iliyolowa, hakutaka kuibadili.

Leo Jumapili nimerudi Karatu kwenye kozi na situlii. Nakaa, nasimama, nakaa tena. Mwanao anacheka na kutafuna vidole, lakini fundi yupo palepale Rhotia, na watoto wanaoharisha ni wengi. Wala si hilo tu linalonisumbua. Jana asubuhi mama yako alinisindikiza mpaka barabarani. Trekta lilipotokea akanishika mkono akaniuliza, "Vero, na Paulina je? Siku ile, kulikuwa na kitu ningeweza kufanya kwa mikono yangu?"

Kilikuwepo. Wametufundisha baada ya wewe kuondoka: unamsugua mzazi aliyetoka kujifungua tumbo, chini ya kitovu, kwa nguvu, na kichanga unakiweka titini. Huenda damu ingepungua. Huenda isingepungua. Nilimtazama mama yako usoni nikamwambia, "Hapana, mama. Hakikuwepo."

Pumzika, Paulina. Mimi bado sijaweza. Wakinipangia zahanati, hata kama ni Digodigo kusikofika gari, nitamwonyesha kila mama pa kuweka mikono yake kabla hajapata sababu ya kuniuliza. Na mama yako naye, sijui lini, nitarudi nimwambie ukweli. Niombee nisichelewe.

Ni mimi, Vero wako.